Besi ya Mlango wa Kushoto

Mimi sibishiwi kuhusu sauti. Miaka ishirini na sita nimefunga spika kwenye magari, na barabara yetu yote ya mafundi, kuanzia kwa wachomeleaji mpaka kwa wauza matairi, inaniita Sikio. Jina sikujipa. Nilipewa siku niliposimama nje ya gari lililofungwa vioo, nikasema spika ya nyuma kulia imeingiwa na takataka kwenye sumaku. Wenzangu wakacheka, wakaifungua, wakakuta unga wa chuma. Tangu siku hiyo mtu akileta gari linalokoroma, wanamnyooshea kidole kwangu kabla hajamaliza kuuliza. Na mimi, nisidanganye, jina lile nililivaa mpaka likanibana kichwa.

Mwalimu alikuja Jumanne asubuhi. Ni mama mfupi, mwembamba, mstaafu, aliyefundisha muziki shuleni miaka thelathini na ushei. Gari lake dogo la milango minne lilikuwa na umri wa kutosha kuoa na kupeleka watoto shule, nikamwambia hivyo hivyo, akacheka kidogo. Ndani hakuna kilichowahi kubadilishwa. Redio ni ile ile ya kiwandani, ya kumeza kaseti, na spika mbili za kiwandani, moja kila mlango wa mbele. Ya kushoto ilikufa zamani. Ya kulia ilikuwa inakoroma.

Kiti cha kushoto alikaa mumewe. Mzee alikuwa mpima ardhi, mtu wa kutembea maporini na vyombo vyake, mpaka kiharusi kilipompiga miaka miwili nyuma. Mwili ulikuwa umelegea upande mmoja, na mdomo wake ulikuwa ukitafuna, kutwa kucha unatafuna, na ndani hamna kitu. Fundi Viti, jirani yangu anayeshona viti vya magari, aliniuliza kwa chini mzee anakula nini kitamu hivyo. Nikamkanyaga mguu.

Mwalimu alinieleza shida yake bila kuzunguka. Mzee hajatamka neno tangu siku ile. Lakini kila Alhamisi wanaenda kliniki, na njiani yeye huweka kaseti moja ya kwaya waliyokuwa nayo ujanani. Yeye ndiye aliyekuwa anaiongoza, na mzee ndiye aliyekuwa besi. Ndiko walikojuana, baada ya yeye kumfukuza mazoezini mara mbili kwa kuchelewa na mara moja kwa kuvuta pumzi kama ng'ombe. Katika wimbo wa tatu kuna mahali sauti zote hunyamaza, besi ikateremka peke yake, hatua saba, polepole, mpaka chini kabisa. Besi hiyo ni mzee. Na kila Alhamisi, wakifika hapo, mzee huacha kutafuna na kuguna ile sauti. Zote saba. Kisha anarudi kutafuna.

Aliniwekea nisikie. Wimbo ukaja na mikoromo yake, ukafika mahali penyewe, Mwalimu akamnyooshea mumewe kidole ili nimsikie, macho yamemjaa maji. Nikaitikia kwa kichwa.

Tatizo, alisema, ni kwamba spika ile mbovu inakoroma hasa hapo, kwenye besi. Kwaya nzima inasikika, ila mzee akianza, karatasi ya spika inatikisika na kuchafua. Na inatoka upande wa dereva tu; mlango wa mzee ni bubu.

"Nataka itoke na upande wake, safi," akaniambia. "Nataka ajisikie kabla hajasahau kwamba ni yeye."

Nikamwambia aniachie gari, jioni alichukue. Akampakia mzee kwenye teksi, wakaondoka.

Kazi yenyewe niliifanya kwa moyo, hilo nalisema hata mbele ya hakimu. Gari la zamani halitaki nguvu. Nilizing'oa paneli za milango taratibu, maana vibano vya plastiki vikishazeeka vinavunjika ukivitazama vibaya. Spika za zamani zilikuwa nyembamba, sumaku ndogo kama kifuniko cha chupa, koni ya karatasi imeoza mpaka kidole kinapita. Nilichagua mpya za inchi sita zisizohitaji umeme mwingi, kwa sababu redio ile ya kizee isingeweza kusukuma kitu kizito. Matundu ya kiwandani hayakuwa ya duara, basi nikachonga pete mbili za plaiwudi, nikazipaka rangi zisinywe maji ya mvua, nikazikaza. Ndani ya mabati nikabandika mikeka ya lami ili mlango usilie debe. Fundi Viti alipita akasema mlango huo sasa ni mzuri kuliko nyumba yake.

Kwenye mlango wa kulia nyaya zilikuwa na rangi zake, chanya na hasi zinajulikana. Kwenye mlango wa kushoto, fundi fulani zamani alikuwa amekata na kuunga vipande viwili vya waya mweusi, vyote vyeusi tii, bila alama. Ukitazama huwezi kujua upi ni upi.

Hapa nieleze, maana ndipo kila kitu kilipoharibikia. Spika mbili zinatakiwa kusukuma pamoja na kuvuta pamoja, kama watu wawili waliobeba kabati, wote mbele au wote nyuma. Ukigeuza nyaya za moja, hiyo inavuta wakati mwenzake anasukuma. Sauti nyembamba haziumii sana, zinapita tu. Lakini sauti nzito, besi, zinakutana katikati ya gari na kuuana. Unasikia kwaya, husikii chini yake.

Dawa yake ni rahisi. Unachukua betri ndogo, hata ya saa ya ukutani, unagusisha kwenye nyaya, unatazama koni. Ikitoka nje, sawa. Ikiingia ndani, geuza. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Ila mimi betri sikuwahi kuigusa. Mimi nilikuwa naunga, nakaa kiti cha dereva, nafungua redio, nasikiliza. Kama nyaya ziko sawa, mwimbaji anasimama katikati ya dashibodi, unaweza kumsalimia. Kama zimegeuka, anapotea, hujui yuko wapi. Sekunde mbili zinatosha. Nilikuwa nawaambia wanaoshika betri kwamba hizo ni za wanaojifunza kazi.

Basi nikaunga nyaya zile nyeusi kwa kubahatisha, nikijua nikikosea nitasikia. Nikakaa kiti cha dereva, nikafungua stesheni ya muziki. Sauti ikaja kubwa, safi, haina mkoromo. Sikusikia kosa. Nikafunga paneli, nikapangusa vumbi, na jioni nikamkabidhi Mwalimu funguo. Alitaka kujaribu kaseti palepale, kisha akasema hapana, angoje Alhamisi, njiani, pale mzee alipozoea.

Ijumaa saa tatu alikuwa mlangoni kwangu. Mzee kwenye kiti chake garini, anatafuna.

Mwalimu alisema mzee hakuguna. Wimbo wa tatu ulifika mahali penyewe, mzee akaacha kutafuna, akainua kichwa kidogo kama anayengoja kuitwa, kisha akakiinamisha. Mwalimu akarudisha kaseti, hivyo hivyo. Mara ya tatu mzee akaanza kutoa machozi, Mwalimu akazima. Halafu akaniambia jambo lililonikera. Alisema hata yeye mwenyewe hamsikii mumewe kwenye kaseti. Wengine wote wapo, yeye hayupo. Pale palipokuwa na besi pana shimo.

Nikaingia kwenye gari, nikaicheza kaseti. Kwangu ilikuwa sauti kubwa na safi. Nikaicheza tena. Hasira zikanipanda. Nilikuwa nimechonga mbao, nimebandika lami, nimefanya kazi ya siku mbili kwa siku moja, halafu mtu ananiambia kwenye spika zangu mpya kuna shimo. Nikatoka, nikasimama mbele yake, watu wanatazama.

"Mwalimu, spika ni nzima," nikasema. "Kilichoharibika humu si spika."

Nikamtazama mzee ili aelewe. Na kana kwamba hilo halitoshi, nikaongeza kwamba umri ukienda masikio nayo yanaenda, asijilaumu, ni mambo ya kawaida. Hayo nilimwambia mimi, yeye ambaye alikuwa akiwafundisha watoto kutofautisha sauti nne kwa macho yaliyofumbwa.

Nilidhani atanipasulia, nikajiandaa. Lakini alinitazama tu usoni, akitafuta kitu, kisha akasema polepole, "Wewe ndiye Sikio. Kama unasema ni mgonjwa, basi ni mgonjwa." Akaingia kwenye gari, akamfunga mzee mkanda, akaondoka.

Fundi Viti alitema uzi aliokuwa anaukata kwa meno. Akaniambia yule mama alijua muziki kabla sijaota meno, na kwamba ningeweza hata kufungua mlango nikajifanya natazama. Nikamwambia ashughulike na sponji zake.

Nyumbani nako kulikuwa na vita yake. Mama watoto alikuwa amechoka kuniita mara tatu. Anasema nikiwa mezani namjibu akikaa upande huu, akikaa upande ule nakula tu. Televisheni nilikuwa naifungua mpaka jirani anagonga ukuta. Mimi nilikuwa na jibu langu: watu wa siku hizi wanamung'unya maneno, hawafungui midomo. Aliponiambia nikapime masikio nilimuuliza kwani chakula hiki kinaletwa na nini kama si masikio haya. Akainuka akakusanya vyombo, akasema kwa sauti ya kutosha hata mimi kusikia, sikio la kufa halisikii dawa.

Zikapita wiki sita. Gari la Mwalimu sikuliona, na sikulitafuta.

Siku moja dereva wa teksi, mteja wangu, alipita akiwa na kicheko asichoweza kukificha. Nilikuwa nimemfungia spika mwezi uliotangulia, akaziona hazina besi, akaona aibu kunirudia kwa sababu ya mdomo wangu, akaenda kwa fundi mwingine mwisho wa barabara. Fundi yule akafungua mlango akakuta chanya na hasi zimegeuka. Sikio kageuza nyaya! Barabara nzima ilishajua kabla yangu.

Nilikwenda kule kwa miguu, nimekunja ngumi, dereva akinifuata na teksi yake. Yule fundi hakubishana. Alirudisha nyaya kama alivyozikuta, akachukua betri, akagusisha. Kulia koni ikatoka. Kushoto ikaingia. Akagusisha tena ili nione vizuri. Kisha akaniuliza kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonimaliza, "Kaka, kwani hukuisikia?"

Nilirudi kibandani, nikamwambia Fundi Viti aache kazi aje. Nikapanga spika mbili mezani, nikakaa katikati, nikampa mgongo. Nikamwambia ageuze nyaya au asigeuze, kama apendavyo, na mimi nitasema. Alianza na utani, akisema leo atanipa mtihani wa darasa la kwanza. Tulifanya mara kumi. Nilipatia nne. Kufikia mara ya saba alikuwa ameacha utani, na mara ya mwisho nilipogeuka nilikuta ameketi chini ameshika kichwa.

Akainuka, akaja, akaniziba sikio la kushoto kwa kiganja chake kinachonuka gundi. Dunia ikazimika. Nilimwona anaongea, midomo inakwenda, mashine za wachomeleaji zinatoa cheche nje, na hakuna kitu. Alipoondoa kiganja vyote vikarudi kwa mpigo. Basi ni la kulia. La kulia ndilo nililokuwa nalielekeza kwenye mlango wa dereva kila siku, miaka ishirini na sita, najaribu spika, nafungua sauti mpaka mwisho ili niwaonyeshe watu. Lilikufa lini, sijui. Lilikufa nami nikaendelea kuitwa Sikio.

"Mficha maradhi," Fundi Viti alianza, halafu akaiacha methali hapohapo, akanipigapiga begani.

Nilichofikiria si mimi wala kazi. Nilimfikiria mzee aliyeinua kichwa akangoja sauti yake, ikashindwa kuja.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilichomoa betri kwenye saa yetu ya ukutani, nikaweka bisibisi na tepu mfukoni, nikaenda nyumbani kwa Mwalimu mapema kabla hawajatoka. Nyumba ilikuwa na ua mdogo wa saruji, kamba ya nguo, na gari limeegeshwa karibu na mlango wa jikoni. Mzee alikuwa tayari ameshakaa kwenye kiti chake garini, shuka miguuni. Alikuwa amepungua. Kichwa kilikuwa kimelala kifuani, na mdomo ukitafuna, ila polepole kuliko nilivyoukumbuka.

Nilipaswa kusema ukweli palepale mlangoni. Nilikuwa nimeupanga njiani, neno kwa neno. Mwalimu alipofungua, nikasikia mdomo wangu unasema kwamba nimepita kukagua kazi, ni kawaida yangu kwa wateja, nitakaza tu skrubu. Kiburi hakifi siku moja.

Nikamwomba ile kaseti. Akasita. Akaniambia haimo tena kwenye gari, ipo kabatini. Baada ya kuongea nami alimweleza daktari kwamba mzee ameacha kuguna, daktari akaandika, akasema ndivyo ugonjwa unavyokwenda. Basi Mwalimu akaacha kumpigia kaseti. Aliona anamtesa bure, anamwonyesha mtu kitu ambacho ameshanyang'anywa. Wiki tano sasa wanaenda kliniki kimya. Alieleza hayo kwa upole, kama anayeniomba radhi kwa kunisumbua siku ile. Akaniletea kaseti, kisha akarudi ndani kutafuta karatasi za kliniki na kufunga mlango wa mbele.

Nikaukabili mlango wa kushoto. Niliing'oa paneli kwa haraka, kibano kimoja kikavunjika. Nikagusisha betri kwenye zile nyaya nyeusi, nikaweka kidole kwenye koni kwa sababu macho yangu yalikuwa na ukungu. Koni ikaingia ndani. Wiki sita ilikuwa inaingia ndani. Nikazikata, nikazigeuza, nikazifunga tepu, nikagusisha tena. Ikatoka nje, ikanisukuma kidole.

Nikawasha redio, nikaweka kaseti, nikapeleka mbele mpaka wimbo wa tatu. Nikapiga magoti pale kwenye uwazi, kati ya mlango na kiti, nimeelekea dashibodi, kidole kwenye koni na sikio langu zima, la kushoto, limebandikwa kwenye spika. Nilitaka kuwa na hakika safari hii. Kwaya ikaja. Sauti zikapanda, zikapanda, zikanyamaza. Kisha koni ikaanza kupiga chini ya kidole changu, pana, nzito, ikiteremka. Nilihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Ya nne au ya tano, sikumbuki, nikageuza macho. Mzee alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa ananitazama, macho yamefunguka kabisa, mtu mzima yumo ndani yake. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Mdomo ulikuwa unatikisika. Lakini mdomo ule siku zote unatikisika. Kisha kwaya ikaingia tena, kichwa kikashuka kifuani, taratibu.

Mwalimu alitoka jikoni anakimbia, kiatu mguu mmoja. Alikuwa chumba cha mbele, aliisikia besi ya kwenye gari kupitia kuta mbili na akaijua. Akashika mlango wa gari kwa mikono yote miwili.

"Ameimba?" akauliza.

Nilikuwa umbali wa shubiri mbili kutoka kwenye mdomo wa yule mtu. Hakuna binadamu mwingine aliyekuwepo. Nikaona ningeweza kusema ndiyo, akafurahi, na pengine ingekuwa kweli. Ningeweza kusema hapana, na pengine ingekuwa kweli pia. Uongo wowote ningeusema, nisingejua kama ni uongo.

"Sijui, Mwalimu."

"Ulikuwa hapo hapo."

"Sisikii," nikamwambia. "Sikio hili limekufa, na ndilo lililokuwa upande wake. Nyaya nilizigeuza mimi. Siku ile ulikuwa sahihi, spika ndizo zilikuwa na kosa. Na siku ya kwanza uliponionyesha anaimba, hata siku hiyo sikumsikia. Nilikuitikia tu."

Sikuwahi kumwambia mtu hivyo. Nilikuwa bado nimepiga magoti, na nilitamani anitukane, anipige hata kofi, lingenifaa. Hakufanya hivyo. Alizunguka, akakaa kiti cha dereva, akarudisha kaseti nyuma. Kwaya ikapanda, ikanyamaza, besi ikateremka. Mzee alitafuna. Akarudisha tena. Mzee alitafuna. Mara ya tatu akamshika mkono ule mzima. Mara ya nne akaanza kuimba yeye mwenyewe, sauti ya kwanza, ile inayotangulia besi, niliona midomo yake na mkono wake wa kulia ukipiga mapigo hewani kama alivyokuwa akiwaongoza zamani. Alipofika pale alinyamaza, akamnyooshea mumewe kidole, kwamba haya, wewe. Kidole kilibaki hewani mpaka besi ikaisha.

Akazima redio.

"Koo lake lilitikisika?" aliniuliza bila kunitazama.

Nikasema lilitikisika.

"Hata akimeza mate hutikisika."

Nikasema ndiyo.

Alinisubiri nirudishe paneli, akanishukuru, akaomba nimfungulie geti. Wakaenda kliniki. Nilibaki barabarani nikilitazama gari mpaka lilipokata kona, na sikujua kama kaseti ilikuwa inalia au la.

Mzee alifariki kabla mwezi haujaisha. Hakuguna tena, si njiani wala nyumbani, na Mwalimu alikuwa akiiweka kaseti kila siku, hata siku zisizo za kliniki, gari likiwa limesimama uani. Habari hiyo niliipata kwa Fundi Viti, aliyekwenda kuwapa pole. Mimi sikuthubutu.

Siku hizi nafunga spika kwa betri kama wanaojifunza. Mama watoto amehamia upande wangu wa kushoto mezani, wala hakunisimanga. Barabarani wananiita Sikio bado, mazoea, na kama mtu ameniitia upande wa kulia Fundi Viti hunirushia kipande cha sponji ili nigeuke.

Wiki iliyopita alinirushia sponji, nikageuka, nikamkuta Mwalimu amesimama. Amevaa nguo nyeusi, amekonda, gari kaliacha ng'ambo ya barabara. Alifungua mkoba akatoa betri ndogo, ile ya saa. Nilikuwa nimeisahau kwenye dashibodi. Nilitaka kumwambia asingejisumbua, si kitu. Aliniwekea betri kiganjani, akanikunja vidole juu yake, na hakuuachia mkono wangu. Alizunguka akasimama upande wangu wa kushoto ili nisikie.

"Fundi," akasema, "hebu jaribu kukumbuka tena kama aliimba."

Nikafumba macho nikajaribu. Nilipoyafumbua alikuwa bado anangoja.